Chuma Kwanza, Kompyuta Baadaye

Mwaka 1952 wahandisi wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha mashine ya kukata chuma iliyofuata maagizo ya utepe wa karatasi wenye matundu. Wazo lilitoka kwa John Parsons wa Michigan, aliyekuwa akitengeneza mapanga ya helikopta na kutafuta usahihi ambao mkono peke yake haukuweza kuufikia. Kuiongoza mashine ile kulihitaji vali za elektroniki zilizopangwa kabatini. Siku hizi kazi hiyo inaweza kufanywa na Grbl, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2009 na Simen Svale Skogsrud wa Norway, ambayo hukaa kwenye Arduino, bodi ndogo ya elektroniki yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32.

Basi ubongo umeshapatikana, tena kwa bei nafuu. Kinachobaki ni mwili, na hapo ndipo ufundi wa kujiundia CNC, yaani mashine inayoongozwa na kompyuta, ya kuchonga mbao unapostahili sifa.

Kwenye mashine ya kawaida ya aina hii, daraja hupita juu ya meza kwenda mbele na nyuma. Juu ya daraja kuna behewa linalokwenda kulia na kushoto, na behewa hilo limebeba mota ya kisu, inayopanda na kushuka. Kisu kinapousukuma mninga, mninga nao hukirudishia nguvu. Chochote kinachonepa kati ya kisu na meza huacha alama yake kwenye mbao.

Hesabu ya kunepa haina huruma. Urefu wa daraja ukiongezwa mara mbili bila kubadili kingine chochote, litanepa mara nane ya mwanzo. Ndiyo maana anayeanza hushauriwa ajenge mashine ndogo, hata kama ndoto yake ni kukata plaiwudi nzima. Na kwa kuwa ukakamavu wa chuma ni karibu mara tatu ya ule wa alumini, bomba la mraba la chuma, lile lile la kutengenezea mageti, ni mali kubwa. PrintNC, mchoro ulio wazi kwa yeyote kuutumia, umejengwa juu ya mabomba ya namna hiyo. Tahadhari ni moja: joto la kulehemu huvuta chuma na kukipinda, kwa hiyo pale reli za kuongozea mwendo zinapokaa ni heri kufunga kwa bolti.

Kisha huja kazi ya subira. Fundi huchonga mraba wa milimita 600 na kupima pembe kwa pembe. Mistari yote miwili inapaswa kuwa karibu milimita 848.5. Ikitofautiana kwa milimita 3, daraja limekaa upande kwa takriban milimita 2, na hakuna programu itakayoinyoosha fremu. Hulegeza bolti, husogeza ncha moja, hukaza, huchonga tena. Mota ya kisu ikiwa imeegama kidogo, husimamishwa kwa kuchomekwa vipande vya kopo la soda, ambavyo unene wake ni karibu sehemu ya kumi ya milimita. Wajuzi hawaoni aibu kutumia kopo la soda. Wanaona aibu kuacha mota imeegama.

Mwendo wenyewe ni hesabu ya darasani. Mota ya hatua huzunguka mara moja kwa hatua 200. Kila hatua ikigawanywa mara nane zinakuwa 1,600. Skrubu ikisogeza behewa milimita 5 kwa mzunguko, kila milimita ina hatua 320. Lakini mota za namna hii kwa kawaida hazijui zilipo. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine husahau mahali ilipoishia, hivyo swichi za kuirudisha mwanzo zifungwe tangu siku ya kwanza. Kitufe chekundu cha kuzimia nacho kiwekwe pale mkono unapofika haraka, na vumbi la mbao za MDF lifyonzwe, kwa sababu linadhuru mapafu.

Ted Hall, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Duke, alijiundia mashine kama hii kwa sababu alitaka kukata plaiwudi za mashua. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa ShopBot, kampuni iliyoanza mwaka 1996.

Mashine moja ya namna hii hukusanya uchomeleaji, useremala, umeme na hesabu kwenye meza moja, masomo ambayo vyuo vyetu huyafundisha katika vyumba tofauti. VETA na vyuo vingine vya ufundi viwape wanafunzi wa fani hizo kazi ya kuiunda pamoja, kuanzia kukata bomba hadi kupima mraba wa kwanza, kisha mashine ibaki karakanani itumike.