Kingo za Ulimi wa Bata Zimekwenda Wapi?

Slaidi mmeziona. Fomalini ilifanya kazi yake, nta imepenya vizuri, unene wa maikromita 5 haubadiliki. Hapo sina neno. Lakini aliyeamua kupunguza kingo za ulimi ili uenee kwenye kaseti amekosea, na kosa hilo halitibiki kwa rangi wala kamera.

Ulimi wa bata kazi yake kubwa iko pembeni. Huko ndiko zilikojipanga papila kubwa zenye umbo la pia, ngumu kwa keratini, na baina yake papila nyembamba zilizosongamana kama nywele za brashi. Ulimi ukivuta maji na kuyasukuma nje, punje hunaswa kati ya papila hizo na vibamba vya kingo za mdomo. Zweers na wenzake walichambua mwendo huo wa bata mallard mwaka 1977, nao hawakuacha sehemu kwa sababu eti haienei.

Sasa tumebakiwa na kipande cha katikati: mfereji, mafuta, tezi, gegedu. Kisha kwenye maelezo tunasoma kwamba ulimi una keratini kidogo! Itakuwaje nyingi, na yenyewe imetupwa kwenye ndoo? Hata ukucha ulio chini ya ncha, sehemu ngumu kuliko zote, haumo. Wembe ungekwaruzika, sawa, wembe hubadilishwa.

Na tena rangi ni hematoksilini na eosini peke yake, hakuna ya neva. Nimelipigia kelele jambo hili na sitaacha. Grandry alieleza vihisio vya mguso vya mdomo wa bata mwaka 1869, Merkel akafuata 1875 na seli zake za mguso. Cohnheim alikwisha kuonyesha tangu 1866 kwamba neva hujitokeza kwa kloridi ya dhahabu. Wazee hao hawakuwa na hata robo ya vifaa vyetu, ila walijua kwamba ukitaka kuona uzi wa neva ukiingia kati ya seli mbili bapa, lazima uupake kitu kinachoushika. Rangi ya fedha ingetosha.

Kaseti ikiwa ndogo, pasua ulimi kwa kufuata mfereji wa kati, uzamishe nusu zote mbili kwenye nta, kila moja na ukingo wake.