Undugu wa Kuokotwa: Filamu ya Mbio za Magari Mbele ya Ngano za Homa Bay na Migori

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza suala moja la maudhui, nalo ni undugu usiotokana na damu: watu wanakutanishwa na kazi au dhiki, kisha wanakuwa jamaa. Suala hili limekuwa nguzo ya hadithi za timu dhaifu za michezo. Mfano ulio wazi ni filamu ya Marekani iitwayo F1, iliyoongozwa na Joseph Kosinski na kuanza kuonyeshwa mwaka 2025. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuutia mfumo huo katika tamthilia yake hana budi kujiuliza kwanza umebeba nini. Hoja inayotolewa hapa ni kwamba mfumo huo unautangaza undugu bila kuupima, na kwamba ngano za kando ya Ziwa Viktoria zimelishughulikia suala lilo hilo kwa kina zaidi.

Mgogoro na utatuzi wake

Mhusika mkuu, Sonny Hayes, ni dereva wa makamo ambaye fahari yake ilikatizwa na ajali katika miaka ya 1990. Rafiki yake wa zamani, Ruben, anamwita aiokoe timu ya APXGP, ambayo iko mkiani na inakabiliwa na hatari ya kuuzwa. Humo anamkuta Joshua Pearce, kijana mwenye kipaji na kiburi. Ushindani mkali zaidi hauzuki baina ya timu yao na nyingine, bali baina yao wawili.

Hapo ndipo ulipo ubora wa filamu hii. Dholuo kina neno nyiego, yaani wivu, ambalo lina nasaba na neno nyieka, yaani mke mwenza. Lugha hiyo imetambua kwamba wivu mchungu kuliko wote ni wa watu walio katika boma moja. Sonny na Joshua ni wake wenza wa namna hiyo: kila mmoja ana gari lake, lakini mwenye boma ni mmoja.

Kasoro inajitokeza katika utatuzi. Wawili hao wanapatana, Sonny anashinda huko Abu Dhabi, kisha anaaga na kwenda kutafuta mbio nyingine. Timu inabaki na ushindi aliouleta, wala haipungukiwi na kitu kwa kuondoka kwake. Undugu umetumiwa kama petroli: umechomwa, gari limefika, basi. Isitoshe, uovu wa mtaji umefumbatwa katika mjumbe mmoja wa bodi, kana kwamba tatizo ni moyo wa mtu mmoja wala si utaratibu unaowawezesha wenye hisa kuwauza wale wanaoitwa jamaa.

Ngano ya Nyamgondho

Tuilinganishe na ngano ya Nyamgondho, inayosimuliwa huko Gwassi, Homa Bay. Nyamgondho ni mvuvi fukara. Siku moja mtego wake unatoa ziwani bibi kizee badala ya samaki. Bibi anaomba apelekwe nyumbani. Mvuvi anakubali, na boma lake linajaa ng'ombe. Baadaye, akiwa amelewa, anamtukana bibi yule kwa kumkumbusha alikotolewa. Bibi anaondoka kurudi ziwani, na mifugo yote inamfuata majini. Nyamgondho anabaki ufukweni akitazama, hata akageuka kuwa kitu kisicho na uhai.

Hapa neno kuokotwa si tamathali tu. Mtu ameokotwa kweli. Huyu naye anaondoka kama Sonny, lakini maana imepinduka. Katika filamu, kuondoka kwa aliyeokotwa ni fahari yake. Katika ngano, ni hukumu juu ya aliyemwokota. Undugu uliopatikana kwa tendo jema umevunjika kwa neno moja baya, na mali imekwenda na mwenyewe. Nayo ngano ya Simbi Nyaima, ziwa dogo lililo karibu na Kendu Bay, inasimulia kijiji kilichozama kwa kumfukuza mgeni kizee usiku wa karamu. Aliyempokea alinusurika. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ushahidi wa historia

Hata historia ya mbio za magari katika Afrika Mashariki inaunga mkono mtazamo huu. Safari Rally ilianza mwaka 1953. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, na nduguye Jaswant waliishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumiwa na wengine. Huo ulikuwa undugu wa damu. Lakini Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alihamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Mwaka uliofuata akashinda Safari, na akashinda tena mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Aliyefukuzwa upande mmoja wa ziwa aliuletea upande wa pili sifa.

Hata hivyo, haifai kuupamba undugu huu kupita kiasi. Huko Migori ziko kuta za Thimlich Ohinga, zilizojengwa kwa mawe matupu, zikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Watu wa lugha mbalimbali walikaa humo kwa zamu. Na katika visiwa vya Rusinga na Mfangano, Wasuba, ambao asili ya lugha yao ni ya Kibantu, wengi wamekuwa wasemaji wa Dholuo. Walipata jamaa, wakapungukiwa na lugha. Kuingizwa katika boma kuna gharama, na mara nyingi hulipwa kwa ulimi.

Hitimisho

Tamthilia ya timu dhaifu inaweza kuandikwa Migori, katika gereji ya kando ya barabara ya Isebania, bila kuazima uwanja wa Abu Dhabi. Mnyonge kushinda si tatizo. Hadhira hupenda hilo, na ina haki. Lakini msanii aoneshe nani alimwokota nani, nani alilipa, na ni neno gani likitamkwa litawarudisha ng'ombe ziwani. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Filamu ya F1 inaishia pale wahusika wanapofaana. Ngano za ziwa huanzia hapo.