Mrima Usiofunguliwa: Jinsi Mkataba wa Unguja wa 1839 Ulivyofumwa

Msomaji wa Sapiwi aliyesoma shuleni kwamba Waingereza waliibana dola ya Kichina kwa mizinga, hata katika Mkataba wa Nanjing wa 1842 ikakubali kufungua bandari 5 na kulipa fidia ya dola milioni 21, huenda hakuambiwa kwamba miaka 3 kabla ya hapo taifa lilo hilo lilijipatia haki za biashara Unguja pasi na mzinga kulia. Na kwa rai yangu hati ya Unguja ndiyo yenye ufundi zaidi, kwa kuwa aliyetoa alijua anachobakiza.

Waliotangulia ni Wamarekani. Septemba 1833, huko Maskati, Sayyid Said bin Sultan, Sultani wa Omani na Unguja, alipatana na mjumbe wao Edmund Roberts kwamba merikebu zao ziingie katika bandari zake zote, zikilipa ushuru wa asilimia 5 tu kwa mali iteremshwayo. Wafanyabiashara wa Salem, mji wa Marekani, wakashamiri, na Waingereza, wasiotaka kuachwa nyuma, wakamtuma Kapteni Robert Cogan, aliyepata kutumika katika jeshi la majini la India. Hati ikatiwa saini Unguja tarehe 31 Mei 1839, yaani 17 Mfunguo Sita 1255, na kiwango kikabaki kile kile.

Kifungu cha 10 ndicho cha kusomwa polepole. Chaanza kwa ukarimu, kikiharimisha ukiritimba katika milki yote ya Sultani. Kisha chaleta *isipokuwa*, sharti ambalo mkataba wa Wamarekani haukuwa nalo: isipokuwa pembe za ndovu na sandarusi, katika pwani ya Mrima tangu Mtangata hadi Kilwa. Sasa itazame ramani. Bagamoyo imo humo, na humo ndimo zilimoshukia njia za misafara itokayo Unyamwezi na Usukuma, hata ikawa Mwingereza ana ruhusa ya bahari nzima, ilhali pembe iliyobebwa kutoka kwetu Usukumani sharti ipite kwanza kwa watu wa Sultani na katika forodha aliyoikodi Jairam Shivji, ndipo auziwe Unguja. Mkulima wa pamba wa Bariadi hahitaji kufafanuliwa faida ya kushika mizani.

Ufa ulikuwa katika vifungu vya konseli, vilivyompa mamlaka ya kuhukumu raia wa Kiingereza. Konseli Hamerton alifika 1841, na waliomfuata wakapanua maana ya raia hao mpaka ikawafunika Wahindi, watu wale wale waliokopesha misafara na kukodi forodha. Mmoja wa waliomfuata, Rigby, mnamo 1860 akawalazimisha Wahindi hao waachie huru watumwa wao. Kifungu cha 15 nacho kilikuwa kimethibitisha ahadi za Sultani za 1822 juu ya biashara ya watumwa, ahadi zilizozidi kukazwa hata, tarehe 5 Juni 1873, Sultani wa wakati huo, Sayyid Barghash, akitishiwa kuzingirwa na manowari, akaridhia mbele ya Konseli Kirk kulifunga soko lenyewe.