Kelele za Swarthmoor

Jumba la Swarthmoor liko nje kidogo ya mji wa Ulverston, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, na Marafiki, yaani Waquaker, hulihesabu kuwa chimbuko lao. Siku hizi watu huenda huko kwa mafungo. Unalipia chumba, unatembezwa katika vyumba vya karne nne zilizopita, unakaa bustanini, unanyamaza. Ukibahatika kufika mwishoni mwa Februari utakuta uwanja mzima umefunikwa na maua madogo ya zambarau, na hata asiye na dini atashusha pumzi. Mimi nilishusha. Nilikuwa katikati ya masomo ya uzamili na tasnifu ilikuwa imenikaba koo.

Lakini sisi wa fasihi tuna tabia mbaya: tukiingia nyumba ya watu tunaanza kuisoma. Nyumba iliyohifadhiwa ni matini. Ina waandishi, ina wahariri, na ina kurasa ambazo zimenyofolewa, pengine bila nia mbaya. Na mafungo ya kiroho katika nyumba za kihistoria yamekuwa utanzu kamili wenye kanuni zake: kuta nyeupe, fanicha chache, mbao kongwe, utulivu. Ninachotaka kuuliza ni kama utanzu huo unamtosha mwenye nyumba.

Mwenye nyumba ni Margaret Fell. Wengi huanza na George Fox, kwa kuwa ndiye aliyekuja na ujumbe mwaka 1652, akiwa kijana wa miaka 27 hivi anayetembea kijiji kwa kijiji. Mume wa Margaret, Thomas Fell, alikuwa jaji na mbunge, na wakati huo alikuwa safarini kikazi. Fox akazungumza katika kanisa la Ulverston. Margaret akasimama penye benchi la familia akimsikiliza, kisha akaketi akilia. Wiki chache baadaye jaji akirejea, majirani walimwahi njiani, kwenye mchanga wa Ghuba ya Morecambe ambao watu waliuvuka maji yakishakupwa, wakamwambia mkewe na jamaa yake yote wamerogwa. Thomas hakuwahi kujiunga na Marafiki hadi alipofariki mwaka 1658. Ila alikubali mikutano ifanyike nyumbani kwake, na inasimuliwa kwamba alikuwa akikaa chumbani mwake akiwa ameacha mlango wazi, asikie.

Mlango huo ulioachwa wazi ndio ninaoupenda kuliko kitu chochote kingine cha Swarthmoor. Mtu anayesikiliza bila kujisajili. Sijui utanzu wa mafungo una nafasi gani kwa mtu kama huyo.

Sasa tazama nyumba yenyewe ilivyokuwa ikiishi. Wahubiri waliingia na kutoka. Barua zilimiminika kutoka kwa waliokuwa njiani na waliokuwa gerezani. Zilizosalia ni zaidi ya elfu moja. Margaret alisaidia kuanzisha mfuko wa fedha katika mji wa Kendal ili kuwalipia wasafiri nauli na viatu, na kuzilisha familia za wafungwa. Humo humo alikuwa analea mabinti saba na mtoto mmoja wa kiume. Binti yake Sarah aliweka daftari la hesabu za nyumba ambalo sehemu yake, ya miaka ya 1673 hadi 1678, imetufikia na ilichapishwa mwaka 1920. Ukilisoma daftari hilo, utulivu wote unayeyuka. Kuna ng'ombe, kuna shayiri, kuna kiwanda cha kufulia chuma, kuna mikopo kwa majirani, kuna vitambaa vya rangi, kuna vibarua wa kike waliopalilia kwa ujira wa kusikitisha. Hii ilikuwa ofisi, shamba, benki ndogo, nyumba ya wageni na mahali pa ibada, vyote chini ya paa moja. Ukimya wa ibada ulikuwa kitu kilichonyakuliwa katikati ya kelele hizo, kwa saa chache. Leo ukimya ndio umekuwa nyumba, na kelele imekuwa maelezo ya pembeni.

Nikilinganisha, naona daftari la Sarah ni fasihi bora kuliko chumba chochote kilichopangwa vizuri. Familia iliuza jumba mwaka 1759, likawa makazi ya wapangaji na wakulima, likachakaa. Mwanamke wa ukoo huo, Emma Clarke Abraham, alilinunua tena mapema karne ya 20 na kulikarabati, na mwaka 1954 likaingia mikononi mwa Marafiki. Kwa hiyo tunachokiona kwa kiasi kikubwa ni tafsiri, na tafsiri ya heshima. Ila tafsiri ina ladha ya mtafsiri.

Kuna jambo zito zaidi. Mwaka 1664 Margaret alishtakiwa kwa kukataa kula kiapo cha utii kwa mfalme, kwa sababu Marafiki hawali kiapo, na kwa kuruhusu mikutano nyumbani kwake. Aliambiwa akiacha kuwakusanya watu ataachwa aende zake. Akakataa. Akahukumiwa kifungo cha maisha na kunyang'anywa mali, akakaa katika ngome ya Lancaster hadi mwaka 1668. Humo gerezani aliandika, na mwaka 1666 kikatoka kijitabu chake *Women's Speaking Justified*, kinachotetea haki ya mwanamke kusimama na kunena mbele ya watu. Yaani kosa lililomfunga lilikuwa kukaribisha wageni. Soma tena orodha ya huduma za nyumba yoyote ya mafungo, chai, kitanda, chumba cha kukutania, ukikumbuka kwamba kuna mwanamke alipoteza miaka minne kwa ajili ya chumba cha kukutania.

Simlaumu mtu kwa kutoza pesa. Paa la nyumba ya karne ya 16 halijitengenezi, na jumba tupu huwa magofu au hoteli ya matajiri. Malalamiko yangu ni ya kihakiki: utanzu huu unapenda amani iliyokwisha kupatikana, na Margaret aliishi na amani ambayo kila asubuhi ilikuwa na polisi mlangoni.

Hata ule usahili wa kuvaa na kupamba ambao watu huuendea, yeye aliutilia shaka. Mwaka 1700, akiwa na miaka 80 na ushei, aliwaandikia Marafiki kulalamika kwamba wenzake wameanza kulazimisha mavazi ya aina moja na rangi moja, kana kwamba imani ni kitambaa. Basi yule bibi angesemaje kuhusu urembo wa kijivu na nyeupe unaouzwa kama roho ya Kiquaker? Nilicheka peke yangu nilipolifikiria hilo, kisha nikamkumbuka nyanya yangu na sare yake ya akina mama wa kanisa, iliyopigwa pasi tangu Jumamosi, nikaacha kucheka.

Maana mimi ni mtoto wa Marafiki wa magharibi mwa Kenya, na hapo ndipo mambo yanaponigusa. Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Wamisionari watatu kutoka Marekani, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi mwaka 1902, na walitoka katika tawi la Marafiki lenye mchungaji, mahubiri na nyimbo. Ibada ya kwetu ina kwaya, ina matangazo marefu, ina harambee ya mabati. Hakuna anayekaa saa nzima bila kusema neno. Rafiki wa Uingereza akiniuliza, kwa upole kabisa, kama "bado" tuna wachungaji, neno hilo moja linaniambia ramani aliyo nayo kichwani: Swarthmoor ni asili, sisi ni mchepuko.

Lakini asili yenyewe ilikuwa inatetemeka. Jina Quaker lilianza kama dhihaka, kule Derby mwaka 1650, pale Fox alipomwambia hakimu atetemeke mbele ya neno la Mungu. Watu wa kizazi kile walilia, walitetemeka, walipaza sauti kwenye makanisa ya wengine. Sasa njoo Kaimosi mwaka 1927. Uamsho ulizuka miongoni mwa waumini Waafrika. Wakaungama hadharani, wakatetemeka, wakanena kwa lugha. Misheni haikupendezwa. Wakazuiwa, wakasukumwa nje, na humo yakazaliwa makanisa ya Roho ambayo hadi leo unayaona barabarani siku ya Jumapili, kanzu nyeupe na ngoma. Watetemekaji walifukuzwa na kanisa la watetemekaji. Sijapata kusoma kinaya kikali zaidi ya hicho katika riwaya yoyote, na kwangu mimi mkasa huo ni sehemu ya historia ya Swarthmoor sawasawa na zile mbao za ukutani.

Ukurasa mwingine unanuka sukari. Binti mmoja wa Margaret, naye akiitwa Margaret, aliolewa na John Rous, mwana wa mwenye shamba la miwa huko Barbados, kisiwa kilicholimwa na watumwa kutoka Afrika. Fox mwenyewe, ambaye alikuwa amemwoa Margaret mjane mwaka 1669, alikwenda Barbados mwaka 1671. Aliwahimiza wenye watumwa wawatendee kwa upole na wafikirie kuwaacha huru baada ya miaka kadhaa. Wakati huo huo akamhakikishia gavana kwamba Marafiki hawawafundishi watumwa kuasi. Huwa tunakumbushwa zaidi yaliyofuata, jinsi Marafiki walivyokuja kuwa mstari wa mbele kupinga utumwa, na ni kweli. Mwaka 2022 mkutano mkuu wa Marafiki wa Uingereza uliazimia kufanya malipizo kwa sehemu yao katika biashara hiyo na ukoloni. Azimio hilo nimelisoma na kulisadiki. Swali langu ni la msomaji: sukari inaingia chumba gani? Nyumba ya namna hii ikitaka kusema ukweli wake wote, mgeni hawezi kuupata ukurasa huo kwenye maktaba pekee. Inabidi akutane nao akiwa na kikombe mkononi.

Usiku wa pili nilimpigia nyanya simu. Aliwahi kusikia jina la Swarthmoor katika shule ya Jumapili na hakudhani kwamba ni mahali pa kweli.

"Ibada ilikuwaje?"

"Tulikaa kimya, nyanya. Saa nzima."

"Hakuna aliyehubiri?"

"Mzee mmoja alisimama akasema maneno machache kuhusu ndege. Akaketi."

Akanyamaza kidogo, na kwa mara ya kwanza maishani nikamsikia nyanya akifanya ibada ya Kiingereza. Kisha akauliza kama huyo mama Margaret alizikwa hapo hapo. Nikamwambia yuko jirani, Sunbrick, katika uwanja wa makaburi ambao wenyewe hawakuwekeana mawe ya majina. Hilo alilielewa vizuri kuliko mimi. Akasema angependa kuja siku moja, yeye na kina mama wenzake, wakiwa na sare zao, waimbe kidogo pale bustanini kama hakuna anayekatazwa. Nikaanza kumweleza habari za viza, taarifa za benki, barua ya mwaliko. Akanikatiza.

"Chumba ni pesa ngapi?"

Nikamtajia, kwa shilingi.

"Na chakula kimo?"