Wimbo Mpya kwa Mpenzi wa Nyimbo za Kale

Mzee wa usharika anayezipenda nyimbo za Luther hatumlaumu. Nyimbo hizo zimemlea. Ila tunamkumbusha kwamba mwaka 1524, kilipochapwa huko Nuremberg kijitabu cha nyimbo nane, nne zikiwa za Luther, nazo zilikuwa ngeni. Kwa hiyo twampendekezea aanze na “Mfurahini, Haleluya”, uliotungwa na Bernard Kyamanywa mwaka 1966 kwa tuni ya asili ya Tanzania. Beti zake zasimulia habari za kaburi tupu, na kiitikio chawapa washarika wote nafasi ya kujibu. Ndiyo kazi ileile Luther aliyoikusudia. Ukiburutwa polepole, furaha yake hufa. Basi mzee asinyamaze: vijana waimbe naye, wairithi imani, si tuni tu.