Vyungu Havina Kabila: Tuwaiteje Waliozikwa Bonde la Upemba?

Miongoni mwa matini tunazowapa wanafunzi wa tafsiri, zipo zinazohusu makaburi ya kale ya bonde la Upemba, kusini mashariki mwa Kongo. Tumechagua kuzijadili katika toleo hili kwa sababu tatizo tunaloliona ndani yake si la akiolojia peke yake. Ni tatizo la ngeli, na ngeli ni kazi yetu.

Kwanza tueleze mahali penyewe. Mto Lualaba hupita katika uwanda wa chini na kutandaa kuwa mabwawa na maziwa mengi, likiwemo ziwa Upemba na ziwa Kisale. Leo eneo hilo limo katika jimbo la Haut-Lomami, ambalo hadi mwaka 2015 lilikuwa sehemu ya Katanga. Kwa kuwa nchi kavu isiyofurika ni haba, watu wameendelea kujenga na kuzika mahali pale pale, kizazi baada ya kizazi.

Mwaka 1957 Jacques Nenquin alichimba Sanga, ufukweni mwa ziwa Kisale. Mwaka uliofuata Jean Hiernaux aliendeleza kazi hapo, na mwaka 1959 akachimba Katoto. Pierre de Maret alirudi Sanga mwaka 1974, akafika Katongo, kisha mwaka 1975 akachimba Kamilamba, Kikulu na Malemba-Nkulu. Kwa jumla yalifunuliwa makaburi zaidi ya 250, na ripoti kuu zilitolewa mwaka 1963, 1971, 1985 na 1992. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoandikwa kwa Kiswahili.

Hatuna budi kuwapa watafiti hawa haki yao. Kabla yao, historia ya kale ya eneo hili ilitegemea zaidi masimulizi ya Waluba kuhusu Nkongolo, mwindaji Ilunga Mbidi Kiluwe aliyetoka mashariki, na mwanawe Kalala Ilunga. Masimulizi hayo ni hazina, lakini hayana tarehe. Kwa kupima kaboni na kulinganisha vyungu, wanaakiolojia walipanga zama kwa mfuatano: Kamilamba, halafu Kisale ya mwanzo (takriban karne ya 8 hadi ya 10), Kisale komavu (hadi karne ya 13 hivi), kisha Kabamba hadi karne ya 18. Hivyo ilithibitika kwamba ufundi wa chuma na shaba, pamoja na tofauti za cheo kati ya watu, vilikuwepo huko miaka elfu moja iliyopita. Hilo si jambo dogo.

Kasoro inaanzia kwenye majina. Wachimbaji walitumia majina ya mahali: Kisale na Kabamba ni maziwa, Kamilamba ni mahali palipochimbwa. Kifaransa huongeza kiambishi tamati na kupata "Kisalien". Neno hilo laweza kuhusu chungu, kaburi, karne au mtu, na msomaji wa Kifaransa haombwi kuchagua. Kiswahili hakitupi nafasi hiyo. Lazima tuchague ngeli, na tukishachagua, tumeshatoa hukumu. Mwanafunzi akiandika "Wakisale", ameumba taifa. Mwingine hudhani ki- ya Kisale ni ile ya Kiluba au Kiswahili, akaikata na kuandika "Wasale", kumbe silabi hiyo ni sehemu ya jina la ziwa. Kwa kosa moja la mofolojia limezaliwa kabila ambalo halijapata kuwepo.

Je, hili ni suala la wasahihishaji wa mitihani tu? Hatudhani hivyo. Kati ya mwaka 1992 na 1994 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, wengine wakiwa wamezaliwa huko. Hoja iliyotumika ilikuwa ya wenyeji na wageni. Mahali ambapo swali la "nani alitangulia" limewahi kumtoa mtu nyumbani kwake, kiambishi wa- kilichobandikwa juu ya chungu si kitu cha mchezo. Kesho mtu atasema: Wakisale ni babu zetu, basi ardhi ni yetu. De Maret ameonesha mwendelezo kutoka zama za Kisale hadi Waluba wa karne za karibuni, nasi tunaona hoja yake ina uzito. Lakini huo ni mwendelezo wa ufinyanzi, wa mapambo na wa alama za madaraka. Haukuandikwa uwe hati ya kumiliki shamba. Tena yeye mwenyewe anaonesha kwamba kati ya Kisale na Kabamba taratibu za kuzika zilibadilika.

Jambo la pili ni neno "mfalme". Huko Kamilamba lilipatikana kaburi la Kisale ya mwanzo lenye shoka la heshima, mpini wake umepambwa kwa misumari, pamoja na chuma cha mhunzi cha kufulia. Karne nyingi baadaye vitu vya namna hiyo vilikuwa alama za utawala kwa Waluba. Ni halali kutumia desturi ya baadaye kuangazia ya zamani, mradi msomaji aambiwe kwamba hiyo ni hoja. Tafsiri ikisema "kaburi la mfalme", hoja imegeuka tukio. Neno mfalme kwa Kiswahili huja na kiti, jumba na raia, na hakuna kati ya hivyo kilichochimbwa pale. Sisi tungeandika "kaburi la mwenye shoka", au "la mwenye cheo". Isitoshe, kamusi hutuelekeza kukiita kile chuma fuawe, ilhali Waluba hukiita nyundo, neno tulilo nalo sisi pia. Kwao kitu kimoja hugonga na hugongewa. Mfasiri anayetegemea kamusi ya Kifaransa pekee atapita karibu na neno hili asilione.

Jambo la tatu ni pana zaidi. Tunachokijua kimetoka, kwa sehemu kubwa, makaburini. Makazi yenyewe yamechunguzwa kidogo, maana vijiji vya leo vimekaa juu ya vile vya jana na tabaka zimevurugika. Hata hivyo muhtasari nyingi huandikwa chini ya kichwa "maisha ya watu wa kale". Tuchukue mfano. Katika zama za Kisale, mtoto alizikwa na vyungu vidogo na mtu mzima na vikubwa, ukubwa ukifuata umri. Hilo halituambii mtoto alikula katika chungu gani. Latuambia waliomlilia walifikiri nini juu ya umri na kifo. Vivyo hivyo misalaba ya shaba ya zama za Kabamba: jinsi karne zilivyopita ilizidi kuwa midogo na ya kulingana, ndiyo sababu wataalamu huiona kuwa ilikuwa fedha. Hoja ni nzuri. Lakini tunaiona fedha hiyo ikiwa mikononi na vifuani mwa maiti; sokoni bado hatujaiona.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo manne kwa wanaofundisha tafsiri na istilahi:

1. Tuseme "zama za Kisale" kwa wakati, "ufinyanzi wa Kisale" kwa vyungu, na "mazishi ya Kisale" kwa desturi. Kiunganishi -a kinatosha.
2. Ngeli ya M-/WA- tuiache hadi pawepo ushahidi wa jina walilojiita watu wenyewe.
3. Vyeo vya watu tuvitaje kwa kitu kilichoonekana kaburini, na dhana ya utawala ifuate kwa "huenda" au "yaelekea".
4. Majina ya zana tuyatafute kwanza kwa wahunzi, wafinyanzi na wavuvi wa Lualaba, ndipo twende kwenye kamusi.

Wapo wenzetu watakaosema kwamba "Wakisale" ni neno fupi na rahisi kwa wanafunzi wa shule. Tunakubali ni fupi. Lakini mtoto wa Malemba-Nkulu au Bukama akilisoma katika kitabu chenye muhuri wa shule, atalipokea kuwa habari ya ukoo wake au ya ukoo wa jirani yake, na mwalimu hatakuwepo kumweleza kwamba lilitokana na kiambishi cha Kifaransa. Maoni ya wasomaji, hasa wanaojua Kiluba, tutayapokea kwa mikono miwili na kuyajadili katika toleo lijalo.