Kutua Pasipo na Uwanja

Injini ya ndege ndogo ikizimika, ndege haidondoki kama embe. Cessna 172 ikishikiliwa kwenye mwendo wa noti 65 hivi huteleza hewani, na kila futi 1,000 za kimo huipa kama kilomita 2 na nusu, upepo ukiwa umetulia. Aliye futi 2,000 juu ya Gede, pwani ya Kenya, basi, ana dakika zisizofika 3. Uwanja wa Malindi asahau. Ufuo wa Watamu huenda akaufikia, ingawa kusi likimpiga usoni hata huo ni wa kubahatisha.

Ufundi ninaousifu ni wa dakika hizo. Tumezoea kuambiwa kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani; huku angani, asiyekubali mapema ndiye huzikwa. Injini ikizima punde tu baada ya kuruka, moyo humvuta rubani ageuke arudi uwanjani. Akiukata mgeuko mkali kwa mwendo mdogo, mabawa huacha kubeba, na kimo cha kujirekebisha hana. Fundi hutua mbele yake, shambani, hata kama ni kwenye mkonge. Heri nusu shari.

Kuna mitihani midogo pia. Cessna za zamani zina kabureta, na hewa yetu ya pwani, yenye unyevu tele, huweza kugandisha barafu ndani yake hata mchana wa jua kali. Mizunguko ya injini hupungua polepole. Rubani huvuta kitasa cha hewa ya moto, na injini, badala ya kupona, hukohoa na kutetemeka vibaya zaidi, kwa sababu inameza maji ya barafu iliyoyeyuka. Mwanafunzi hushtuka akakirudisha kitasa. Mkono uliokomaa hukiacha pale pale.

Beryl Markham, aliyekulia Njoro, alivuka Atlantiki peke yake Septemba 1936 akitokea Uingereza. Barafu iliziba matundu ya hewa ya tangi, injini ikakosa mafuta, akatua kwenye kinamasi cha Cape Breton huko Kanada, pua ya ndege ikazama topeni. Wapo wanaosema alianguka. Mimi nasema alitua: alitoka hai.

Lakini Watamu si kinamasi kitupu. Magharibi ni msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba kama 420, sehemu kubwa miti. Kusini ni hori ya Mida, mikoko na matope. Unabaki ufuo, nao una saa zake. Siku za bamvu maji hupwa kabisa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi, mchanga ukabaki mpana na mgumu. Alasiri bahari imeumeza. Rubani wa hapa asiyejua mwezi uko tarehe ngapi, wavuvi wana haki ya kumcheka. Tena maji yanapokupwa ndipo watoto hushuka kucheza mpira. Januari 10, 2025, ndege ndogo ilianguka Kwachocha, Malindi, kwenye barabara ya Mombasa. Waliokuwa ndani walinusurika. Watu 3 waliokuwa chini wakafa. Kutoka juu, barabara na ufuo huonekana kama viwanja. Vina wenyewe.

Ufuo ukiwa na watu, rubani huupa kisogo akatua majini, upande wa ndani wa mwamba ambako mawimbi ni madogo. Magurudumu ya Cessna 172 hayakunjwi. Yakinasa majini, ndege huweza kupinduka. Kwa hiyo mafuta hufungwa, milango huachwa wazi kabla ya kugusa maji ili isijibane, na jaketi za kuelea huvaliwa bila kujazwa hewa, maana aliyeijaza yake mapema huweza kubanwa ndani maji yakiingia. Hata wavuvi wakiivuta ndege pwani siku hiyo hiyo, chumvi itakuwa imekwisha kuanza kuila injini, na watu wa bima watakuja na karatasi zao. Rubani hodari alikwisha kuiaga ndege hiyo angali futi 1,500 juu.